Miiko ya Modesta

Kama miaka ile ulipita gulio la Igoma ukarudi nyumbani bila sabuni ya Ng'aro, basi siku hiyo Modesta hakuwepo. Nasema hivyo na neno langu silirudishi. Mimi Suzana nilikuwa naye pale pale, miguu kwenye tope la povu, mikono kwenye beseni, nafua mbele za watu huku yeye anasema. Nimesikia wahubiri wa mikutano ya hadhara, nimesikia wanasiasa tangu vyama vingi vianze, nimesikia watangazaji wa mpira. Hakuna kati yao aliyeweza kumfanya mwanaume mzima, ametoka machungani na fimbo yake begani, anunue sabuni ya kufulia na aondoke ameikumbatia. Modesta aliweza. Na wala afya hakuwa nayo.

Tulijuana kiwanda cha samaki, kando ya ziwa. Viwanda vile vilikuwa vimeota haraka haraka, kila ukiamka kuna ukuta mpya na geti jipya. Minofu ya sangara ikipanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukibaki na mapanki, vichwa na mifupa. Mimi na Modesta tulikuwa meza moja ya kukata minofu. Mabuti, aproni, kisu, barafu, barafu, barafu. Modesta mkono wake ulikuwa mwepesi, lakini mdomo! Alikuwa anamtangaza kila samaki anayefika mezani: huyu ametoka Ukerewe bila kuaga, huyu mkewe bado anamtafuta Sengerema. Tulicheka mpaka msimamizi anakuja kuangalia tunachekea nini.

Halafu vidole vyake vikaanza kubadilika. Akishika barafu kidogo vinakuwa vyeupe kama chaki, vinageuka bluu, kisha maumivu yanaingia. Baadaye viungo vikavimba, asubuhi hata kikombe cha uji hakishiki. Baadaye tena uso, wekundu uliokaa mashavu yote mawili na kuvuka juu ya pua. Hapo ndipo binadamu walipopata kazi. Wengine wakasema Modesta ameanza mkorogo wa kujichubua na mkorogo umemkataa. Wengine wakashusha sauti wakautaja ule ugonjwa mwingine, maana miaka ile ukikonda kidogo tu ulishazikwa midomoni mwa watu. Nilimtukana mmoja kwenye foleni ya chakula hadi akaacha sahani yake.

Madaktari wa hospitali ya Bugando wakampima wee, wakamwambia ule ugonjwa mwingine hana. Alichonacho kinaitwa lupasi. Ile kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inapotea njia inampiga mwenye mwili. Hauambukizi. Hauponi, ila unashikika. Ameze vidonge, akae mbali na jua, akae mbali na baridi, na siku ukipanda apumzike, asishindane nao. Nilikuwa nimemsindikiza, nikasikia kwa masikio yangu.

Sasa Modesta ni mtu wa kunyooka. Aliona hakuna cha kuficha, akaenda kwa msimamizi akamweleza yote, akaomba ahamishiwe kule wanakobandika lebo kwenye maboksi, chumba kikavu, hakuna barafu. Msimamizi alimsikiliza vizuri sana. Akampa pole, akamuulizia na mama yake. Jumatatu iliyofuata mlinzi wa geti akamwambia jina lako halipo. Akaomba kumwona yule msimamizi, akaletewa ujumbe getini: kiwanda kinahitaji mikono, hakihitaji wagonjwa. Kisa kusema ukweli! Mimi nilipoipata hiyo habari niliingia na mabuti yangu hadi ofisini. Sitasema nilichosema. Nilifuatia geti hilo hilo, yeye kwa ugonjwa, mimi kwa mdomo.

Kilichomuuma zaidi sikijui mpaka leo, vidole au ile pole. Alikaa kwao Butimba na mama yake, mlango umefungwa, pazia limeshushwa. Nikienda kumwona namkuta kimya, na Modesta kimya ni sawa na redio iliyoishiwa betri. Siku moja aliniambia hivi: "Suzi, maumivu nimeshayazoea. Kukaa bila kazi ndiko nimeshindwa. Nitafanya chochote, ila sitamwambia mtu tena."

Ruksa ya kila mtu kufanya biashara ilikuwa imeshafika kila kona. Wewe uliyezaliwa juzi hujui. Zamani sabuni tuliifuata sisi, kwa foleni, duka la ushirika, kipande kimoja kwa familia, na ukifika imekwisha. Sasa sabuni ikawa inatufuata sisi, kwa spika, tena zinagombana njiani. Bwana Florian, Mhaya wa Muleba, mtu wa kuchomekea shati na kuimba kwaya ya kanisani, alikuwa amechukua uwakala wa Ng'aro Mwanza nzima. Alinunua pikapu, akafunga spika mbili juu, akamwajiri Josephat kuendesha, mimi kufua, na kijana mmoja kutangaza. Kijana yule alitangaza sabuni kama anasoma matangazo ya vifo. Watu walipita wakiwa wameinamisha vichwa.

Siku hiyo tulikuwa Nyakato, karibu na nyumba za wafanyakazi wa viwandani. Nilikuwa nimemlazimisha Modesta atoke ndani, aje akae tu kwenye gari anisubiri. Mtangazaji wetu akaenda kula, akaacha kipaza sauti kwenye kiti, kimewashwa. Mimi natazama beseni langu. Ghafla nasikia sauti juu ya kichwa changu inauliza: "Baba uliyevaa shati la kijani, hilo shati lilikuwa la kijani tangu dukani, au limefika hapo lenyewe?"

Mama yangu! Watu wakageuka wote. Yule baba mwenyewe akaanza kucheka. Modesta akaendelea, Kiswahili, Kisukuma, anarudi Kiswahili, anamsalimia bibi huyu mwadila, anamuuliza yule anafua kwa majivu mpaka lini na serikali imesharuhusu. Josephat akapandisha sauti ya spika. Kijana wetu aliporudi na mkate wake hakuona pa kupita. Maboksi yote ya garini yaliisha kabla alasiri haijafika, na Bwana Florian, alipoletewa habari, alifikiri tumeibiwa.

Akaajiriwa siku ile ile. Hakusema anaumwa. Alisema tu ana mambo yake matatu: jua asipigwe, maji baridi asishike, na Jumatano apumzike. Bwana Florian alimwangalia kwa juu ya miwani, akakubali, kwa sababu boksi tupu linaongea. Mimi nilijua hatakubali muda mrefu. Matajiri nawajua.

Lakini miezi ikaenda, na ajabu, mambo yalizidi kuwa mazuri. Josephat akashona turubai, likafungwa ubavuni mwa pikapu, chini yake kiti cha mgongo mrefu. Kila tunakofika anatafuta kivuli kwanza, injini haizimwi mpaka kivuli kipatikane. Mtu akimletea Modesta soda ya baridi, Josephat anaipokea yeye, anaiweka pembeni ipungue ubaridi. Jumatano ikifika, hata akitokea mteja wa lori zima, Bwana Florian anasema hapana, leo Modesta hatolewi. Hatolewi! Nikajisemea, haya, basi duniani kuna waajiri wema, nilikuwa nawasema bure.

Nilijua siri yenyewe siku nilipomsikia Josephat anamweleza fundi wa gurudumu. Josephat ni Msukuma wa ngoma, msimu wa mavuno ukiisha huwezi kumkuta nyumbani, anazunguka vijijini kuangalia mashindano. Na mashindano yetu ya ngoma kila mtu wa huku anayajua: makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, muda mmoja, na hakuna jaji. Watu ndio jaji. Upande uliojaza watu umeshinda. Ndiyo maana kila manju, kila kiongozi wa ngoma, anasemwa kwamba ana dawa ya mvuto, na kila dawa ina miiko yake. Huyu halali kitandani, yule halambi chumvi, mwingine hashiki maji. Josephat aliketi akapiga hesabu zake. Mwanamke huyu anavuta watu kupita kiasi. Jua haligusi. Maji baridi hashiki. Ana siku yake ya kujificha. Na usoni ana alama. Sasa hiyo kama si dawa ni nini?

Alimwambia Bwana Florian tangu wiki ya kwanza. Na Bwana Florian, msomi mzima, mtu wa kupokea komunyo kila Jumapili, alikuwa amejibu kwamba yeye hayaamini mambo hayo hata kidogo, ila miiko ya mtu isivunjwe.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilimkimbilia Modesta nikamweleza, naye akacheka machozi yakamtoka, akashika mbavu zake zenye maumivu. Kiwandani alisema ukweli akafukuzwa. Huku hakusema kitu, wakamtungia uongo, wakamletea na kiti! Mimi nikasema Mungu ni mkubwa, tunyamaze, tule kazi. Lakini kicheko chake kilipokwisha uso ukabadilika. Akasema siku wakijua atakuwa amegeuka mgonjwa na mwongo kwa pamoja, na kwamba hapo hataajiriwa na mtu yeyote Mwanza hii.

Aprili aliponea chupuchupu kuzikwa. Ulitokea msiba wa shangazi yake, Magu. Msibani utamwambia nani unataka kivuli? Alisimama makaburini na jua la utosini, kofia yake ya jua ameivua kwa heshima. Siku chache baadaye miguu ikavimba, uso ukavimba, mkojo ukawa wa shida, homa haishuki. Alilazwa Bugando mpaka nikazoeana na wauguzi wote wa wodi. Daktari alimwambia wazi kwamba figo zimeguswa, na jua kama lile lisirudiwe. Kwa Bwana Florian nilipeleka taarifa kwamba Modesta amekwenda kwa ndugu. Josephat akatikisa kichwa kwa heshima, akajua amekwenda kuongeza nguvu za dawa. Basi akarudi, amekonda, vidonge vimejaa mkoba, na kazi yake ikamkuta iko pale pale.

Ndipo wakaja wenzetu wa sabuni nyingine, inaitwa Waridi. Wakamwajiri nani? Ndalahwa. Huyo Ndalahwa alikuwa manju kweli kweli, mtu wa ngozi na njuga, sauti ya kufika Kisesa bila spika. Tukawa tunakutana nao kila gulio. Mwisho mwenye duka kubwa la jumla pale Igoma akachoka kusumbuliwa, akasema nitachukua sabuni moja tu, mtapambana kama ngoma. Uwanja wa gulio, Jumamosi, gari hili huku, gari lile kule, watu waamue. Mwenyekiti wa soko asimamie. Bwana Florian alirudi na habari hiyo kwa furaha na woga, akatuambia wazi: Igoma ikipotea, gari la matangazo anauza. Mimi nilijua anachofikiria Modesta. Gari likiuzwa, ile sehemu moja duniani inayoweza kumwajiri imekwisha.

Jumamosi hiyo, jamani! Watu walikuja na familia zao. Waliokuwa wamekuja kuuza ng'ombe walifunga ng'ombe. Vijana walipanda juu ya paa la machinjio. Miwa iliuzwa, karanga ziliuzwa, na sabuni bado haijatajwa. Sisi tulipaki mapema chini ya ukuta wa ghala, turubai tumelitandaza, Modesta ameketi na kitambaa chake na mikono mirefu. Moyo wangu ulikuwa unapiga utadhani ninaolewa.

Ndalahwa alifika na njuga miguuni. Kabla hajaimba akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa soko, akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba yeye haogopi kushindana, lakini kushindana kuwe haki. Dawa ya yule mwanamke kila mtu anaijua, mwiko wake ni jua. Yeye ameziacha dawa zake nyumbani. Basi na mwenzake aweke dawa yake chini: watoke wote wawili katikati ya uwanja, kichwa wazi, bila turubai, bila mwavuli. Atakayekataa ameshindwa.

Watu wakapiga vigelegele. Waliipenda sana! Mwenyekiti akakuna kidevu, akasema ni haki, akatuashiria tutoke. Ilikuwa saa nane mchana, jua limesimama juu ya vichwa vyetu halina hata wingu la kulitazama.

Bwana Florian akainama kwa Modesta, jasho linamtoka, akamuuliza kwa siri kama dawa ikivunjwa leo inaweza kutengenezwa tena kesho. Nikasikia. Damu ikanipanda. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie huyo msomi yaliyonikaa moyoni mwaka mzima, Modesta akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, vyeupe, kwenye joto lile. Nikamwona anaangalia uwanja, anaangalia jua, na nikajua anapima. Akitoka anaweza kushinda, halafu wodi, halafu sijui. Akikataa, kazi imekwenda. Kuna njia ya tatu, na hiyo ilikuwa imeshamfukuzisha mara moja.

Akawasha kipaza sauti.

"Mwadila, watu wa Igoma," akasema, na uwanja ukajibu. "Ndalahwa amesema nina dawa. Ni kweli ninayo. Iko kwenye mkoba huu, nameza asubuhi na jioni, nimepewa Bugando. Mimi ninaumwa. Ugonjwa wenyewe unaitwa lupasi, haumwambukizi mtu, hata mume wa mtu. Jua likinipiga, figo zangu zinagoma. Nilikuwa kiwanda cha samaki, nikasema ninaumwa, nikafukuzwa. Leo nasema tena, kwa spika mbili. Katikati ya uwanja siji. Lakini sijashindwa. Nitatangazia hapa kivulini, na Ndalahwa atangazie kule, na anayetaka kuniita mwongo aje anishike vidole."

Nilisikia njuga za Ndalahwa zikigusana. Nilimwona Josephat ameweka mkono kichwani, macho yamemtoka. Bwana Florian alikuwa amevua miwani.

Halafu nusu ya watu hawakuamini hata kidogo! Bibi mmoja mbele yangu akamwambia mwenzake, umeona anavyoificha, huyo ni mkali kuliko tulivyodhani. Ndalahwa akaona nafasi. Akaruka katikati ya uwanja, jua linamwaka kifuani, akaanza kuimba Waridi. Na jamaa anajua, simnyimi haki yake. Uwanja ukamhamia. Nilibaki na beseni langu mbele ya watoto wachache na mbuzi.

Modesta akakaa vizuri kwenye kiti. Akasema: "Suzana, fua. Mimi na jua tumeachana, talaka tatu, mashahidi nyie. Lakini nguo yako, mama, bado ni mke wa jua, itaanikwa tu. Sasa itaanikwa ikiwa na doa?" Akaanza. Nilimsikia akitangaza mwaka mzima, sijawahi kumsikia vile. Alikuwa amefunguka. Alijitania uso wake, akasema wengine wananunua wekundu wa mashavu dukani, yeye amepewa bure na hawezi kuurudisha. Aliwatania waliomwita mchawi, akawauliza mchawi gani anauza sabuni kwenye vumbi badala ya kujijengea ghorofa Capripoint. Wanawake wakaanza kurudi, mmoja mmoja, wanakuja kumshika vidole kweli, wanashtuka ubaridi, wanasema pole, wanakaa. Mama mmoja akasema dada yake aliumwa hivyo hivyo na waliendelea kumpeleka kwa waganga tu. Modesta akamwelekeza wodi, kwa kipaza sauti, katikati ya tangazo la sabuni, kisha akaendelea na doa. Mimi nafua, nacheka, nalia, povu limenifika viwikoni.

Ndalahwa akaja na wimbo mpya, watu wakamrudia. Modesta akamjibu, wakaturudia. Uwanja ulikuwa unayumba huku na huko, vumbi juu, hata wale wa juu ya paa wakawa wanahama upande. Mwenyekiti wa soko alitembea katikati, akahesabu vichwa kwa macho, akachanganyikiwa, akaanza tena. Mwisho akasema yeye hawezi, watu wako sawa, na mwenye duka la jumla, ambaye alikuwa amecheka mpaka kakaa juu ya gunia, akasema basi leteni sabuni zote mbili, tuondoke. Ndalahwa akavuka uwanja mzima akaja kumshika Modesta mkono. Akavishika na vile vidole, akavitazama muda mrefu, akamwambia pole, dada yangu.

Nilidhani tumemaliza. Sikuwa nimemhesabu Bwana Florian.

Alitusubiri watu wapungue. Akasimama mbele ya kiti cha Modesta, miwani mkononi, akaongea taratibu kama mtu wa ofisi. Akasema amefurahi, kazi imefanyika vizuri. Lakini sasa jambo limekuwa jingine. Miiko ni miiko, mtu anaiheshimu. Ugonjwa ni kitu tofauti, mfanyakazi mgonjwa leo yupo kesho hayupo, na biashara haiwezi kwenda hivyo. Akasema pole sana. Hiyo pole niliijua. Niliisikia mara ya kwanza kiwandani.

Nilikuwa na taulo la maonyesho mkononi, limelowa maji, nikalibwaga juu ya viatu vyake. "Bwana Florian, hebu nieleze," nikasema. "Kivuli umempa. Kiti umempa. Jumatano umempa. Maji baridi umemkinga, na Aprili alipokuwa wodini ukamtunzia nafasi. Mwaka mzima umekaa na mgonjwa, na maboksi yamekwisha kila gulio. Kitu gani kimebadilika tangu asubuhi, zaidi ya kwamba sasa unajua?"

Alitazama viatu vyake vilivyolowa. Akatazama pikapu, nyuma hakukuwa na boksi hata moja. Josephat, ambaye kazi yake yote imejengwa juu ya ile dawa, akasogea taratibu na kusema kwamba yeye kivuli anaweza kuendelea kukitafuta, ameshazoea. Bwana Florian akavaa miwani. Akaanza kusema kwamba basi, tuendelee kama zamani, yeye atachukulia kwamba ni ile ile miiko, na watu wa nje hakuna haja ya kuelezwa zaidi.

Mimi nilikuwa tayari kushukuru. Modesta akasema hapana.

Alisema akiwa ameketi, amechoka, sauti imekauka kwa kutangaza. "Miiko siitaki. Nimechoka kuwa na dawa nisiyokuwa nayo. Siku nikizidiwa nataka nikutumie neno kwamba ninaumwa, na wewe ujue ninaumwa, na nafasi yangu ibaki. Kama huwezi kulisema kwa jina lake, niambie sasa hivi nirudi Butimba."

Nilitaka kumziba mdomo! Riziki imeshakubali kurudi, yeye anaifukuza tena! Wauza miwa walikuwa wanafungasha, ng'ombe wanafunguliwa. Bwana Florian akakohoa kama anavyokohoa kabla ya kuanza wimbo kanisani, kisha akamgeukia Josephat, akaongea kwa sauti ya kusikika na kila aliyekuwa karibu.

"Josephat. Modesta anaumwa lupasi. Jua halimfai, na Jumatano hafanyi kazi. Jumatatu tunaanza Magu, yeye ndiye mtangazaji. Tafuta kivuli mapema."

Modesta, ambaye getini hakulia na wodini hakulia, akaweka kitambaa usoni. Tulimwacha. Alipokitoa akamtazama bosi wake, akamwomba alirudie lile neno mara moja zaidi.

Bwana Florian akarudia.